Kumtafuta Babu Katika Vitabu vya Kanisa vya Denmark

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 2 Aprili 1805, saa saba, mke wa fundi viatu wa mji wa Odense, kwenye kisiwa cha Fyn nchini Denmark, alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto alibatizwa palepale nyumbani akaitwa Hans Christian. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 15 mwezi uleule, akapelekwa katika kanisa la Sankt Hans ili ubatizo wake uthibitishwe mbele ya watu. Baadaye dunia nzima ilimjua kwa jina la H. C. Andersen, mtunzi wa hekaya. Siku ile alikuwa mtoto wa maskini tu, baba yake akiishi kwa kushona viatu, na hata hivyo saa ya kuzaliwa kwake ikaandikwa.

Jambo hili hunigusa kila ninapolifikiria. Katika nchi nyingi, ukimtafuta maskini wa miaka mia mbili iliyopita hupati hata kivuli chake. Nchini Denmark kibarua wa shamba, mjakazi, mtoto aliyeishi siku tatu, kila mmoja alistahili mstari wake katika daftari la kanisa. Kazi ya msakaji wa nasaba ni kuufikia mstari huo, na kisha kujua aliyeuandika alikuwa akijibu swali gani, maana hakuwa akikuandikia wewe.

Bin na binti

Tuanze na majina, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Baba wa mtoto yule aliitwa Hans Andersen. Mama yake aliitwa Anne Marie Andersdatter. Mtu aliyezoea majina ya ukoo ya siku hizi atadhani mke alichukua jina la mume likabadilika kidogo, au kwamba hawa wawili walikuwa ndugu. Msomaji wa Kiswahili ana nafuu kubwa hapa. Andersen ni bin Anders, na Andersdatter ni binti Anders. Ni Anders wawili tofauti kabisa: Hans bin Anders alimwoa Anne Marie binti Anders, basi. Na baada ya harusi mwanamke aliendelea kuwa binti wa baba yake, kama Asha binti Juma asivyogeuka kuwa binti wa mtu mwingine kwa sababu ameolewa.

Mashambani utaratibu huu ulitawala hadi katikati ya karne ya 19. Jens Hansen akipata mtoto akamwita Peder, huyo ni Peder Jensen. Dada yake Maren ni Maren Jensdatter. Peder akikua akamzaa Niels, huyo ni Niels Pedersen. Jina la mwisho hugeuka kila kizazi, kwa hiyo anayetafuta "ukoo wa Jensen" kuanzia mwaka 1700 anatafuta kitu ambacho hakikuwapo.

Ugumu unazidi kwa sababu majina yenyewe yalikuwa machache. Jens, Peder, Hans, Niels, Lars, Anders, Søren, Rasmus, Christen, ukishayataja haya umeshawataja wanaume wengi wa kijiji. Usharika mdogo unaweza kuwa na akina Jens Pedersen watatu kwa wakati mmoja, wawili kati yao wakiwa na wake walioitwa Karen. Tahajia nayo haikutulia: Lars leo ni Laurits kesho, na Ane, Anne na Anna anaweza kuwa mwanamke yuleyule katika kurasa tatu.

Lakini majina hayohayo yanayochanganya ndiyo pia yanayofungua mlango, kwa sababu hayakutolewa ovyo. Mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi alipewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, jambo ambalo Mkikuyu yeyote atalielewa bila kuelezwa. Wasichana walibeba majina ya bibi zao, na sehemu nyingi bibi mzaa mama alitangulia. Mtoto akifariki, anayefuata wa jinsia ileile hupewa jina lake, kwa hiyo ukikuta akina Maren wawili wa baba na mama mmoja, nenda kwanza kwenye orodha ya mazishi. Ipo na desturi nyingine ambayo mimi naiona ya huruma kuliko zote. Mgane akioa tena, binti wa kwanza wa ndoa mpya alipewa jina la mke aliyefariki. Mjane akiolewa tena, mtoto wa kiume wa kwanza akapewa jina la mume marehemu. Daftari halielezi lolote. Unaona tu msichana anaitwa Kirsten wakati hakuna bibi wala shangazi wa jina hilo, na hapo unajua kulikuwa na mke kabla ya huyu.

Serikali ilijaribu kuyagandisha majina. Katika Slesvig, jimbo la kusini lililokuwa na utawala wake chini ya mfalme wa Denmark, amri ilitoka mwaka 1771, na katika ufalme wenyewe mwaka 1828: mtoto abatizwe pamoja na jina la ukoo la kudumu. Wachungaji waliielewa amri hiyo kila mmoja kwa namna yake, na wakulima wengi waliendelea na desturi yao kwa kizazi kizima au zaidi. Hatimaye jina la "bin" likabaki kwa kila mtu, hata kwa wanawake, kana kwamba binti angeitwa Asha bin Juma. Ndiyo maana leo Nielsen, Jensen na Hansen ni majina yaliyojaa Denmark nzima bila kuonyesha undugu wowote, na ndiyo maana mwaka 1904 ilitungwa sheria ya kuwarahisishia watu kuchukua majina mengine.

Na Hans Christian mwenyewe? Babu yake mzaa baba aliitwa Anders Hansen. Mwana wa Anders akawa Hans Andersen, bin Anders wa kweli. Kwa desturi ya mashambani mjukuu angekuwa Hans Christian Hansen. Alibaki Andersen kwa sababu mijini, miongoni mwa mafundi na wafanyabiashara, majina yalianza kuganda mapema kuliko vijijini. Nyumba moja, neno moja, maana mbili: kwa baba ni nasaba, kwa mwana ni jina la ukoo. Ukishaona hilo umeelewa nusu ya ugumu wa kazi hii.

Mchungaji, mtumishi wa mfalme

Denmark iligeukia Ulutheri mwaka 1536, na mfalme akawa mkuu wa kanisa. Tangu hapo mchungaji wa kijiji alikuwa mtumishi wa Mungu na pia mtumishi wa serikali. Yeye ndiye aliyesoma matangazo ya mfalme mimbarini, na yeye ndiye aliyejua nani kazaliwa na nani kafa. Wapo walioandika kumbukumbu zao mapema sana; daftari kongwe kuliko yote katika Denmark ya leo ni la usharika wa Hjordkær, kusini mwa rasi ya Jylland, lililoanza 1573. Agizo la kuwataka wachungaji wote waandike lilikuja katika miaka ya 1645 na 1646, enzi za mfalme Christian IV, na mwaka 1683 likaingizwa katika sheria kuu ya nchi, Danske Lov, ya mfalme Christian V.

Agizo lilisema waandike, bila kuwapa mfano wa karatasi ya kujaza. Kila mchungaji akapanga daftari lake apendavyo. Mmoja alichanganya ubatizo, ndoa na mazishi kwa mfuatano wa tarehe. Mwingine alianza ubatizo mbele ya kitabu na mazishi nyuma, wakakutana katikati. Mwingine akaingiza sadaka iliyotolewa, hali ya hewa, na malalamiko yake juu ya paa la kanisa.

Hapa ndipo inapobidi kukumbuka swali alilokuwa akilijibu. Aliandika shughuli za kanisa. Aliandika ubatizo, na kuzaliwa kukatajwa kama kulitajwa. Aliandika mazishi, na siku ya kifo ikabaki ya kukisia. Katika ubatizo wa karne ya 17 na 18 mara nyingi utakuta maneno machache tu: mtoto wa Jens Hansen wa kijiji fulani, jina lake Peder, nani alimbeba hadi kwenye birika la ubatizo, na wadhamini wa ubatizo ni akina nani. Mama hayupo. Mwanamke aliyekaa na mimba miezi tisa, akazaa katika chumba chenye baridi, hakutajwa, kwa sababu kanisa na mfalme walitaka kujua mtoto ni wa nyumba ya nani.

Nalitaja hili kwa uchungu kidogo, maana nusu ya kila nasaba imo katika ukimya huo. Hata hivyo mama ana njia zake za kuonekana. Kama wiki sita baada ya kujifungua alitoka arobaini: alikwenda kanisani, mchungaji akampokea mlangoni na kumwombea, na tukio hilo nalo likaandikwa, mara nyingi kwa kifupisho "introd.". Wakati mwingine jina lake limo hapo wakati ubatizoni halikuwemo. Wadhamini nao humfichua. Aliyembeba mtoto mara nyingi alikuwa dada wa mama, shangazi wa mtoto au bibi yake. Kwa hiyo "Karen Nielsdatter wa kijiji cha jirani" aliyembeba mtoto wa kwanza na wa tatu wa Jens Hansen anakuelekeza mama naye huenda ni binti Niels wa kijiji hichohicho. Msakaji mvivu huruka majina ya wadhamini. Binafsi ningemshauri mtu ayanakili yote, hata yale asiyoyajua, kwa sababu miezi sita baadaye moja kati ya hayo litagonga mlango.

Mama asiye na mume alitajwa bila kukosa, kwa sababu ya aibu. Mpaka mwaka 1767 alitakiwa kuungama mbele ya usharika wote, na tukio hilo nalo liliandikwa. Aliulizwa pia baba ni nani, na mwanamume aliyemtaja huitwa katika daftari "udlagt barnefader", yaani baba aliyetajwa. Lisome neno hilo kwa uangalifu. Ni kauli ya mama iliyoandikwa na mchungaji. Wengine walikubali, wengine walikana, na wapo waliotajwa ili kumficha mwenye shamba.

Usishangae pia ukikuta ndoa na ubatizo vimekaribiana. Wazazi wa H. C. Andersen walifunga ndoa tarehe 2 Februari 1805 katika kanisa la Sankt Knud, miezi miwili kamili kabla mtoto hajazaliwa. Kabla ya 1799 uchumba, "trolovelse", ulikuwa tendo rasmi mbele ya mchungaji na mashahidi, na kijijini watu waliwahesabu wachumba kama karibu mume na mke. Sheria iliufuta uchumba huo rasmi mwaka 1799, lakini mazoea ya watu hayakufutika.

Mwaka wa mstari mnene

Kuanzia 1814 mambo hubadilika ghafla. Amri iliyotolewa mwishoni mwa 1812 ilileta madaftari yaliyochapwa yenye safu za kujaza, na mwaka 1814 yalikuwa yakitumika kote. Wavulana waliozaliwa wana kurasa zao na wasichana zao. Kisha wenye kipaimara, waliofunga ndoa, waliofariki. Siku ya kuzaliwa na siku ya ubatizo ziko mbalimbali. Mama ana nafasi yake, na jina lake limo. Ukitoka kwenye kitabu cha 1790 ukaingia cha 1820 ni kama mtu kafungua madirisha.

Amri hiyo iliweka jambo moja la busara sana. Madaftari yawe mawili, moja kwa mchungaji na jingine kwa "degn", karani wa kanisa ambaye mara nyingi alikuwa pia mwalimu wa shule, na vitabu hivyo viwili visilale usiku chini ya paa moja. Sababu ilikuwa moto. Nyumba za wachungaji ziliezekwa kwa nyasi kama nyingine, na madaftari mengi ya kabla ya 1814 yaliteketea pamoja nazo. Kwa msakaji wa leo faida ni maradufu, kwani ukurasa usiosomeka katika kitabu kimoja unaweza kusomeka katika kingine, na mara nyingine karani aliandika kijiji cha asili ambacho mchungaji alikisahau.

Safu mbili ningependa kuzitaja kwa jina. Ya kwanza ni ya wenye kipaimara. Kipaimara kilifanywa lazima mwaka 1736, na asiyekuwa nacho hakuweza kuoa. Katika madaftari mapya kijana wa miaka 14 au 15 anaandikwa pamoja na wazazi wake, siku aliyozaliwa, na alama mbili alizopewa na mchungaji: ya ujuzi na ya tabia. Kumsoma mama wa bibi yako akiwa na miaka 14, ujuzi wake "wa wastani" na tabia yake "njema sana", ni kukutana na mtu mzima mwenye sura. Ya pili ni ya ndui. Amri ya mwaka 1810 ilidai chanjo kwa anayetaka kipaimara au ndoa, kwa hiyo pembeni mwa jina huandikwa tarehe ya chanjo na daktari aliyeitoa, au kwamba mtu huyo aliwahi kuugua ndui mwenyewe. Ukisoma hilo unajua uso wake huenda ulikuwa na makovu.

Madaftari hayo yalikuwa pia na orodha za waliohamia na waliohama, kwa takriban miaka sitini ya mwanzo. Hizi ni lulu, kwa sababu vijana wa mashambani hawakutulia. Mtumishi aliajiriwa kwa muda maalumu, na siku za kubadilisha mwajiri zilikuwa tarehe 1 Mei na 1 Novemba. Msichana anaweza kupotea katika usharika wake akiwa na miaka 15 na kuonekana tena amesimama madhabahuni akiwa na miaka 27, kilomita thelathini kutoka hapo. Orodha ya waliohama, kama mchungaji hakuwa mzembe, itakuambia alikwenda usharika gani.

Kalenda ya mchungaji na mkono wake

Katika madaftari ya zamani hutaona "tarehe 30 Juni". Utaona "Dom. 3 p. Trin.", yaani Jumapili ya tatu baada ya Utatu. Mchungaji aliishi ndani ya mwaka wa kanisa, na karibu mwaka wote huo hufuata Pasaka, ambayo huhama. Mwaka 1805 Pasaka iliangukia 14 Aprili. Jumapili ya Utatu huja wiki nane baadaye, tarehe 9 Juni, kwa hiyo Jumapili ya tatu baada yake ilikuwa 30 Juni. Mwaka uliofuata Pasaka ilikuwa 6 Aprili, na Jumapili ya jina hilohilo ikawa 22 Juni. Tafuta Pasaka ya mwaka husika kwanza, kisha hesabu. Sikukuu nyingine hazihami: Mikkelsdag ni 29 Septemba kila mwaka, na Mortensdag ni 11 Novemba.

Uko mtego mwingine mdogo. Mchungaji aliyeandika "7br" alimaanisha Septemba, kwa kuwa septem ni saba kwa Kilatini; 8br ni Oktoba, 9br Novemba, Xbr Desemba. Nasaba nyingi zimeharibika kwa sababu mtu alisoma Julai. Na mwaka 1700 Denmark ilihama kalenda, siku ya 18 Februari ikafuatwa na 1 Machi. Ukiona mtu kasema babu yake alizaliwa tarehe 20 Februari 1700 katika kijiji cha Denmark, mwulize ameitoa wapi.

Mwandiko ndio unaowakatisha watu tamaa. Hadi shule zilipoacha kuufundisha mwaka 1875, Wadenmark waliandika kwa mwandiko wa Kigothi, ambao herufi ya e hufanana na n, u huwekewa kijipinde juu ili isidhaniwe n, na s ndefu huonekana kama f. Sauti ya å iliandikwa aa mpaka mwaka 1948. Kinachosaidia ni kwamba daftari hurudia maneno yaleyale. Ukishajua sura ya "gaardmand" (mkulima mwenye shamba kamili), "husmand" (mwenye kijumba na kipande kidogo cha ardhi), "indsidder" (anayepanga chumba kwa mwingine), "ungkarl" (kijana asiyeoa), "enke" (mjane) na "hjemmedøbt" (aliyebatizwa nyumbani), umeshajua herufi nyingi za mchungaji huyo. Tengeneza alfabeti yake kutoka maneno unayoyajua, kisha itumie kwa majina ya watu na vijiji usivyovijua. Usianze na ukurasa wa 1690. Anza 1880 urudi nyuma taratibu, jicho litazoea njiani. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazosoma mwandiko wa kale, na zinasaidia, ila jina la kijiji ndilo zinalokosea kirahisi, na jina la kijiji ndilo unalolihitaji kuliko yote.

Usharika kwanza, jina baadaye

Hapa ndipo nataka msomaji akae kidogo. Vitabu vya kanisa havikupangwa kwa majina ya watu. Vimepangwa kwa mahali: mkoa ("amt"), chini yake wilaya ("herred"), chini yake usharika ("sogn"). Sharika ni zaidi ya 2,000. Mtu mwenye jina "Jens Pedersen, aliyezaliwa Denmark kama 1830" hana kitu mkononi. Mwenye jina hilohilo pamoja na usharika yuko karibu amefika.

Kwa hiyo kabla ya kufungua daftari lolote, tafuta usharika. Cheti cha kipaimara kilichokunjwa katika Biblia ya zamani kinatosha. Kwa waliokwenda Marekani, polisi wa Copenhagen waliandika wahamiaji waliosafiri kwa mikataba ya mawakala kuanzia 1869 hadi 1940, na mara nyingi sehemu waliyotoka ilitajwa. Kwa waliobaki, sensa ndiyo daraja. Denmark ilihesabu watu kwa majina mwaka 1787, 1801, 1834, 1840, kisha kila miaka mitano hadi 1860, na kuendelea. Sensa ya 1845 ndiyo ya kwanza kuuliza kila mtu alizaliwa wapi, na jibu mara nyingi ni usharika. Bibi kizee wa miaka 80 katika sensa hiyo anakurudisha moja kwa moja kwenye daftari la ubatizo la miaka ya 1760.

Mtu mwenye bahati ya babu mwanamume wa mashambani ana msaada mwingine. Kuanzia 1733 hadi 1788 wanaume wa tabaka la wakulima walifungwa kisheria kwenye milki ya bwana walikozaliwa, katika kile kilichoitwa "stavnsbånd". Ulikuwa utumwa wa aina yake, na kufutwa kwake ni moja ya kumbukumbu kubwa za nchi hiyo. Lakini kwa msakaji maana yake ni kwamba familia haikwenda mbali. Baada ya hapo serikali ilianza orodha za wanaofaa jeshi, "lægdsruller", ambazo mpaka katikati ya karne ya 19 ziliwaandika wavulana tangu kuzaliwa na kuwafuata kila walipohama. Dada zao hawamo.

Copenhagen ni habari nyingine. Makanisa ni mengi, watu walihama mtaa hadi mtaa, na mji uliungua vibaya mwaka 1728 na 1795, kisha ukapigwa mizinga na Waingereza mwaka 1807. Humo ndimo ilimokuwa hospitali ya kifalme ya wazazi, Fødselsstiftelsen, ambako mwanamke asiyeolewa aliweza kujifungua bila kutaja jina lake. Mamia ya nasaba hufika kwenye mlango huo na kusimama. Sioni vibaya. Mwanamke yule alipewa haki ya kufichwa, na alifichwa.

Kusini, katika Sønderjylland, uwe tayari kwa Kijerumani. Eneo hilo lilikuwa chini ya Prussia tangu vita vya 1864 hadi kura ya wananchi ya 1920 iliyolirudisha Denmark, na kuanzia 1874 vizazi na vifo viliandikwa na ofisi za serikali. Mpaka leo huko kumbukumbu hizo ni kazi ya manispaa. Kwingineko kote Denmark bado ni kazi ya kanisa, na ni ya watu wote wa dini zote. Mama kutoka Tanga au Mombasa akijifungua leo Aarhus, mkunga hupeleka taarifa ofisi ya usharika, na jina la mtoto, hata akiwa Mwislamu, wazazi hulisajili kupitia hapohapo ndani ya miezi sita.

Madaftari ya zamani yenyewe yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na hifadhi ya nyaraka ya taifa, Rigsarkivet, na yanasomeka bure mtandaoni. Yale ya miaka ya karibuni hufungwa kulinda walio hai. Wananchi wa kujitolea wamenakili sensa nyingi ili zitafutike kwa jina. Zitumie, lakini usikubali chochote mpaka umeuona ukurasa wenyewe kwa macho yako, kwani anayenakili huchoka kama mchungaji alivyochoka.

Turudi Odense. Fundi viatu Hans Andersen alikwenda jeshini mwaka 1812 kwa malipo, badala ya mtu mwingine, akarudi amedhoofika, akafariki tarehe 26 Aprili 1816: tafuta orodha ya mazishi, wanaume. Mwaka 1818 mjane wake akaolewa tena na fundi viatu mwingine: orodha ya ndoa, na jina lake bado ni binti Anders. Tarehe 18 Aprili 1819 mtoto akapata kipaimara katika kanisa la Sankt Knud, lilelile walikofunga ndoa wazazi wake. Tarehe 4 Septemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 14, akaondoka Odense kwenda Copenhagen, na anayemfuata lazima afunge daftari la Sankt Knud aanze upya kuulizia usharika.